Kufunga hesabu za mwaka, duka dogo la vifaa vya ujenzi: naanzia wapi?

BatiGeji30
Heshima kwenu wakuu. Duka liko Morogoro: saruji, nondo, misumari, rangi, mabomba. Mauzo naandika kwenye daftari, mengine yanapita lipa namba ya simu, na wapo wateja wa mkopo. Kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) nipo kwenye makadirio, mauzo hayafiki milioni 100. Stoo haijawahi kuhesabiwa. Nianzie wapi?

Mama Leja
Anza na stoo. Hesabu jioni ya tarehe 31 baada ya kufunga, au asubuhi ya tarehe 1 kabla hujauza hata msumari. Ukihesabu huku unauza, utarudia mara tatu na bado haitakubali. Muwe wawili, mmoja anahesabu, mwingine anaandika. Misumari na waya wa kufungia nondo weka kwenye mzani, toa uzito wa boksi. Bomba lililokatwa andika mita zilizobaki. Saruji iliyoganda ipe orodha yake, hiyo ni hasara.

Thamani ni bei ya kununulia, siyo ya kuuzia. Mfuko 15,000, lori 600, kushusha 200: andika 15,800.

Kisha: stoo ya Januari + manunuzi ya mwaka − stoo ya Desemba = gharama ya bidhaa ulizouza. Tuseme 12,000,000 + 58,000,000 − 15,500,000 = 54,500,000. Mauzo yakiwa 66,000,000, faida ghafi ni 11,500,000, kabla ya pango, umeme na mshahara wa kijana. Stoo hiyohiyo ukiipigia bei ya kuuzia itasoma kama 18,800,000, na faida itaruka hadi 14,800,000. Hiyo milioni 3.3 haipo popote, lakini watu huitoa dukani wakajengea.

Kwako stoo ya Januari hii huna, kwa hiyo faida ya mwaka huu itabaki ya kukisia. Hesabu ya sasa ndiyo itakuwa mwanzo wa mwakani.

mzee_wa_vocha
Usisahau bati na rangi ulizopeleka kwako. Ziandike kama matumizi ya mwenye duka, la sivyo kijana ataonekana mwizi.

Kikokotoo
Mkuu, kwa kuwa upo kwenye makadirio, kodi yako inatoka kwenye mauzo, siyo faida. Kwa hiyo daftari la mauzo likivimba, kodi nayo inavimba. Makosa mawili ndiyo hulivimbisha.

La kwanza, mkopo kuandikwa mara mbili. Mteja kachukua nondo Oktoba, ukaandika mauzo. Desemba kalipa kwa lipa namba, ukaandika mauzo tena. Malipo ya deni yanapunguza daftari la madeni tu.

La pili, kuchukua jumla ya taarifa ya lipa namba kama ilivyo. Humo mna pesa uliyojitumia mwenyewe na miamala iliyorudishwa. Omba taarifa ya miezi yote 12, pitia mstari kwa mstari, andika pembeni kila ambacho siyo mauzo.

Awamu ya nne ya kodi mwisho wake ni 31 Desemba. Lipa mapema, siku ya mwisho mtandao una tabia zake.

BatiGeji30
Shukrani. Mzigo niliolipia tarehe 28, lori likifika Januari, unaingia wapi?

Mama Leja
Kama umeshauandika kwenye manunuzi ya mwaka huu, uweke kwenye orodha ya stoo kama "uko njiani". Kama hujauandika, uache wote uende mwakani. Ukiingia kwenye manunuzi bila kuingia kwenye stoo, faida inashuka kwa thamani ya lori zima.

Kikokotoo
Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zitoe kopi sasa hivi. Karatasi ile inafifia, hasa duka likiwa na paa la bati bila dari, na kumbukumbu unatakiwa kuzitunza miaka 5.