Naomba ushauri: duka la vyerehani mtandaoni, nitajuaje kama ni la kweli?

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Mdogo wangu amemaliza kujifunza ushonaji, tumechanga kumnunulia overloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo. Bei za hapa zimetushinda, ndipo tukaona duka Instagram linalosema liko Kariakoo, bei karibu nusu.

Bei hiyo ndiyo inayonitia shaka zaidi. Halafu wamefunga sehemu ya maoni, na picha nyingine zina nembo ya duka jingine iliyokatwa pembeni. Nikiomba video fupi ya mashine ikishona huku mtu akitaja jina langu, wanarudisha picha zilezile. Nikiomba lipa namba ya biashara, wananipa namba ya kawaida yenye jina la mtu, na hela wanaitaka yote kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi. Mtaa na jengo hawataji. Kila jioni naambiwa imebaki moja.

Naombeni mnisaidie. Jina la biashara nikilitafuta BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) likaonekana, hilo linatosha, au tapeli anaweza kujificha nyuma ya jina la mwingine? Mimi naona anaweza kabisa. Je, mmewahi kumtuma mtu Kariakoo akague mzigo na kulipa palepale dukani? Mlimpataje wa kuaminika? Namba ya 15040 ya kuripoti utapeli naijua, ila ningependa kujua kabla hela haijatoka.

Hela yenyewe ni ya mama, ya biashara ya dagaa. Mdogo wangu anataka tulipe Ijumaa, kwa hiyo majibu ya mapema yatanisaidia sana.