Msaada wa kisheria: mdogo wangu kavunjwa mkono na mgambo, naambiwa wana kinga

Mwana_Chamwino
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa wanaojua sheria.

Alhamisi iliyopita, kwenye wilaya moja hapa Dodoma, kijiji kilikuwa na mkutano wa mipaka ya mashamba. Ukachafuka, na kiongozi mmoja wa wilaya akaamuru mgambo wawatoe wanaopiga kelele. Mdogo wangu alishakaa chini, mikono kichwani, kama walivyoagizwa. Akapigwa rungu, mfupa wa mkono ukavunjika. Wakamweka mahabusu mpaka Jumatatu, mahakamani hakufikishwa, kisha akaambiwa nenda nyumbani. Mkono ulivimba mpaka mkanda wa saa ukazama kwenye nyama, daktari ndiye aliyeukata.

Nilipomuuliza mtendaji, akanijibu kuwa waliokuwa wanalinda amani wana kinga, hakuna mahakama ya kuwagusa. Ni kweli? Mama anasema tuache.

Kisima_cha_Bahi
Pole sana mkuu. Mimi ningemsikiliza mama. Mtaendelea kuishi na watu haohao.

Wakili_Makulu
Pole ndugu. Kinga ipo, ila siyo hiyo aliyokueleza mtendaji.

Kanuni ya Adhabu inataka kwanza itolewe ilani ya kuwataka watu watawanyike. Muda wa kutosha ukipita na watu 12 au zaidi bado wanaendelea na ghasia, askari na wanaowasaidia wanaruhusiwa kuwatawanya, na anayewapinga anatumiwa nguvu kwa kiasi kinachohitajika tu. Hapo hata mtu akiumia au kufa, hawashtakiwi wala hawadaiwi fidia. Sasa mtu aliyekaa chini mikono kichwani alikuwa anapinga nini? Rungu lile halina kinga.

Kuhusu mahabusu, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe ili kuzuia uvunjifu wa amani, lakini ndani ya saa 48 afikishwe mahakamani au aachiwe. Alhamisi mpaka Jumatatu wamezidisha. Sheria hiyohiyo inasema anayeitumia vibaya anaweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka.

Na hao wasioguswa, tumewaona wakiguswa. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012, polisi wakiwa kwenye kazi hiyohiyo ya kutawanya watu. Askari mmoja alifungwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia.

Ukitaka fidia, andika notisi ya siku 90, yaani taarifa kwamba unakusudia kushtaki, kwa mamlaka husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Wengi wameangukia hapo, wanamshtaki mgambo peke yake kesi inatupwa. Una miaka 3 kwa madai ya aina hii, lakini usiisubiri iishe.

Mzee_wa_Kongwa
Nimekuwa mgambo miaka mingi. Msiibeze hiyo kinga. Wakulima na wafugaji wakishikana kwa mapanga na fimbo, nani ataingia katikati akijua kesho atashtakiwa? Ila kwetu mtu akishakaa chini amekuwa dhamana yako. Aliyempiga huyo kijana ametuaibisha sote.

MamaZabibu
Dada yenu nauliza, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mnayo? Bila hiyo watasema alianguka na bodaboda.

Mwana_Chamwino
Hatuna dada. Kituoni walisema turudi siku nyingine, hospitali wakamfunga plasta hivyohivyo. Picha ya eksirei na cheti cha daktari ninavyo.

Wakili_Makulu
Rudini kituoni kesho, wakikataa nendeni kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Cheti halisi usimpe mtu yeyote, toa nakala. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo hapa Dodoma, kupeleka lalamiko ni bure, na kwa notisi tafuteni watoa msaada wa kisheria kama fedha ya wakili hakuna. Kuna aliyeona akipigwa?

Mwana_Chamwino
Wapo watatu, mmoja mjumbe wa serikali ya kijiji. Amekubali kusema, ila anaogopa.

Wakili_Makulu
Muandike maelezo yake leo hii, asaini, akiwa bado anakumbuka nani alisimama wapi. Nani alitoa amri, kwa maneno gani, na kama kuna ilani yoyote ilisomwa kabla ya rungu.