Video ya muziki ya mradi wa darasa: tumechambua video kibao, sasa tunapangaje ya kwetu?

Nuru_ya_Dirisha
Habari zenu wakuu. Tuko wanafunzi wanne, tumepewa mradi wa kutengeneza video ya muziki ila kabla ya kushika kamera mwalimu anataka tuchambue kwanza mbinu za filamu na mambo yanayojirudia kwenye video za muziki, halafu mpango wetu uonyeshe kwamba uchambuzi ule umetufundisha kitu. Wimbo tunao, katunga mwenzetu na anauimba mwenyewe, ni wa taratibu, biti 75 kwa dakika, urefu dakika 3 na sekunde 12. Unamhusu dada ambaye kaka yake kaenda mbali kutafuta maisha, mwanzoni alikuwa anapiga simu kila mara, siku hizi kimya kabisa.

Sasa tumeangalia video mpaka macho yanauma na tumeandika orodha ndefu, kuna klozap (uso au kitu kwa karibu sana), kuna kamera inayopiga kutoka chini, kuna slomo (mwendo wa polepole), taa za rangi, kukatakata picha haraka, wachezaji nyuma ya msanii, yaani kila kitu kipo. Lakini tukikaa kupanga ya kwetu ile orodha haitusaidii, kila mtu anachomoa mbinu anayoipenda yeye. Mmoja anataka hadithi mwanzo mwisho, mwingine anataka mwimbaji aimbe tu mbele ya kamera, mwingine anasema picha lazima ibadilike kila biti ndo watu wasichoke. Mimi huu wimbo naupenda sana na sitaki ufunikwe na madoido. Mnatokaje kwenye uchambuzi kwenda kwenye mpango?

Mkasi_na_Gundi
Orodha ya mbinu peke yake haiwezi kukupa mpango, maana haisemi mbinu ilikuwa inafanya kazi gani pale ilipowekwa. Klozap kwenye korasi ya wimbo wa huzuni na klozap ya cheni shingoni kwa msanii wa rap ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa kwenye orodha yenu zinakaa mstari mmoja.

Fanyeni hivi. Chagueni video mbili au tatu tu ambazo zinakaribiana na wimbo wenu kwa mwendo na kwa hisia, kila moja iangalieni mara ya kwanza bila sauti kabisa, halafu sikilizeni wimbo peke yake bila picha, ndo mrudi kuiangalia kamili huku mnasimamisha kila shoti, yaani kila kipande cha picha kabla haijakatwa. Andikeni kwenye jedwali sekunde ya kuanzia, ukubwa wa picha (uso, kiuno, mwili mzima, mandhari), kamera inatembea au imetulia, na pale kwenye wimbo kuna nini, sauti imeingia, ngoma imeingia, neno gani linaimbwa. Safu ya mwisho ndo ya dhahabu: kwa nini wamekata hapa na siyo pale? Ukijaza hiyo kwa dakika moja tu ya video utajifunza kuliko kuangalia video hamsini huku unakula.

Kuna mwandishi anaitwa Andrew Goodwin, kitabu chake kuhusu video za muziki kilitoka 1992 na walimu wengi wa media wanakitumia. Jambo moja alilolieleza nadhani ndo mnalolihitaji: picha inaweza kuonyesha kile maneno yanachosema, inaweza kukikuza na kuongeza maana ambayo maneno hayana, au inaweza kwenda kinyume nacho. Chukueni kila beti muulizane tunaonyesha, tunakuza, au tunapinga? Kama dada anaimba kwamba simu haiiti na nyie mnaonyesha simu isiyoita, hapo mmerudia tu, na mkirudia wimbo mzima mtazamaji anakuwa mbele yenu muda wote. Lakini akiimba hivyohivyo huku tunamwona anacheka na watu, anapanga meza, anaweka sahani moja zaidi, hapo picha inasema kitu ambacho wimbo haukusema.

Kuhusu ugomvi wa hadithi au kuimba, video nyingi huchanganya na siyo dhambi. Ila msiogope kutulia kwenye uso. Video ya Sinéad O'Connor ya Nothing Compares 2 U ya 1990, iliyoongozwa na John Maybury, sehemu kubwa ni uso wake tu kwenye giza, halafu mara chache unamwona anatembea kwenye bustani, na ni moja ya video zinazokumbukwa sana mpaka leo. Kama mwimbaji wenu anaweza kubeba hisia usoni, huo ndo mtaji wenu mkubwa kuliko kamera yoyote.

Nuru_ya_Dirisha
Asante sana mkuu, hiyo ya sahani moja zaidi imenipiga kweli, na leo jioni tunaanza hilo jedwali. Hebu nisaidieni na huyu mwenzetu wa kukata kila biti, hoja yake ni kwamba hata kwenye video tulizoangalia picha zinabadilika haraka sana na yeye ndo anaediti.

Biti_kwa_Biti
Hapo tupige hesabu kwanza kabla ya kubishana. Biti 75 kwa dakika maana yake kila biti ni sekunde 0.8, na baa moja ya biti 4 ni sekunde 3.2. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 ni sekunde 192, kwa hiyo ni baa 60 kamili, biti 240. Mkikata kila biti mnahitaji shoti 240 na hakuna hata moja itakayodumu sekunde nzima. Kwa wanafunzi wanne hiyo ni kazi ya kufa na zaidi ya hapo wimbo wenyewe hauombi hiyo kitu, ni wimbo wa kusubiri, na anayesubiri muda wake haukimbii. Mkikata wastani kila baa mnapata shoti 60, mkiacha nyingine zikae baa mbili au nne mnashuka mpaka 30 hivi, na hapo kila shoti mnaweza kuitengeneza vizuri.

Uzuri ni kwamba mkirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde (yaani picha 25 kila sekunde) biti moja inakuwa fremu 20 kamili, baa fremu 80, kwa hiyo kwenye taimlaini alama zenu zitakaa sawasawa bila desimali. Wekeni alama kila baa kabla ya kuingiza picha yoyote.

Ila kufuata mdundo siyo lazima iwe kwa kukata. Mnaweza kufanya vitu ndani ya picha vifuate muziki, mlango unafungwa kwenye biti, taa inawaka gitaa linapoingia, hatua za miguu zinaenda na ngoma. Mwongozaji Michel Gondry alilifanya hilo kwa namna ya kushangaza kwenye video ya Star Guitar ya kundi la Chemical Brothers, 2002, ni dirisha la treni tu unaangalia nje, lakini kila nguzo, kila jengo, kila daraja linapita pale sauti fulani inapopiga. Mwonyesheni mhariri wenu hiyo, atafurahi, maana anachokitaka ni kwamba picha na muziki vishikane na hilo analitaka kwa haki kabisa, njia tu ndo ziko nyingi.

Na mkate mapema kidogo wakati mwingine. Kukata kwenye pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza mstari, au fremu mbili tatu kabla ya biti, mara nyingi kunaleta uhai kuliko kukata juu ya ngoma kila mara, maana sikio likishazoea linaacha kushtuka.

Mama_Storibodi
Mimi niongezee upande wa dada na kaka maana naona hapo ndo video yenu itasimama au itaanguka. Hawa watu wawili hawataonekana sehemu moja, sasa mtazamaji atajuaje kwamba wanatafutana? Kuna kanuni ya mstari wa nyuzi 180 ambayo kwa kawaida tunaitumia watu wawili wakiwa wanaongea, kamera inabaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha ili huyu aangalie kulia na yule aangalie kushoto. Nyie itumieni hata kama wako mbali. Dada kila mara aangalie kulia kwa picha, kaka kila mara kushoto, ukizikata pamoja jicho la mtazamaji linawakutanisha lenyewe bila maelezo. Halafu kwenye beti la mwisho, pale kimya kinapozidi, mgeuzeni kaka aangalie kulia kama dada. Sasa wote wanaangalia upande mmoja, hawaangaliani tena. Hamjaandika neno hata moja kwenye skrini na mtu atalisikia hilo tumboni.

Kitu kingine ni jaribio la mtengeneza filamu Lev Kuleshov wa Urusi, mwanzoni mwa karne iliyopita. Alichukua uso uleule wa mwigizaji, hauonyeshi kitu chochote, akaupachika karibu na bakuli la supu, akaupachika karibu na jeneza, na inaelezwa watu waliona njaa, wakaona majonzi, kumbe ni uso mmoja. Kwa hiyo wanangu msimlazimishe mwimbaji alie. Machozi ya kulazimisha yanaharibu video za wanafunzi kila mwaka na inaniuma kuona, maana mtoto anakuwa kaimba vizuri kabisa. Muacheni aangalie tu, kwa utulivu, halafu picha inayofuata ndo ifanye kazi: kiti, simu imegeuzwa kifudifudi, kandambili za kaka bado ziko mlangoni. Na kwenye maandishi ya mwalimu hapo mna mbinu, mna sababu, na mna shoti yenyewe, ndo wanachotafuta wasahihishaji.

Mkikata kutoka shoti moja ya mtu kwenda nyingine ya mtu huyohuyo, hamisheni kamera angalau nyuzi 30 au badilisheni ukubwa wa picha kabisa, la sivyo inaonekana kama picha imeruka.

fundi_wa_playback
Wakuu wamemaliza upande wa akili, mimi nakuja na upande wa siku ya kushuti maana mpango mzuri unaweza kufia hapo.

Rekodini mwimbaji akiimba wimbo MZIMA mwanzo mwisho kwa kila engo, msirekodi vipande vipande, halafu spika ipige wimbo kwa nguvu ya kutosha na kamera irekodi sauti hiyo hata kama mbaya, ndo itawasaidia kulinganisha na wimbo halisi mnapoediti. Pigeni kofi mbele ya kamera mwanzoni mwa kila teki, yaani kila mara mnaporekodi upya. Na aimbe kweli kwa sauti, asichezeshe midomo tu, shingo na kifua vinaonyesha kabisa kama mtu haimbi.

Kama mnatumia simu fungeni fremu zibaki 25 kwa sekunde kwa programu inayoruhusu hilo, simu nyingi zikiachwa zenyewe zinabadilisha fremu zinavyotaka na midomo inaanza kuachana na sauti kidogokidogo, mpaka korasi ya mwisho imeshapotea. Fungeni na mwanga pia, usipande na kushuka katikati ya shoti.

Slomo kama mnaitaka na mwimbaji akiwa anaimba, rekodini fremu 50 na spika ipige wimbo kwa kasi mara mbili, aimbe kwa kasi hiyo, mkiipunguza kurudi 25 midomo inakaa sawa na wimbo huku nywele na nguo vinaelea polepole. Kwa wimbo wa biti 75 kasi mara mbili ni biti 150, inawezekana ila afanye mazoezi.

Na kabla ya yote hayo tengenezeni animatiki. Pigeni picha za mnato za kila shoti kwa simu, hata nyie wenyewe mkisimama badala ya waigizaji, zipangeni juu ya wimbo kwa urefu uleule, muangalie. Pale mnapochoka kuangalia ndo penye shida na hapo kurekebisha hakuna gharama.

Mkasi_na_Gundi
Naunga mkono animatiki kwa mikono miwili. Ila naomba nipingane kidogo na Mama_Storibodi, mimi kaka nisingemwonyesha kabisa. Wimbo unaimbwa na aliyebaki, tukimwona kaka tunajua yu hai, tunajua yuko wapi, na ule wasiwasi wa dada unakuwa wake peke yake badala ya kuwa wetu sote.

Mama_Storibodi
Hapo umenena na ni hoja nzito, ila basi dada aangalie kulia kwenye sehemu tupu muda wote, nafasi ibaki mbele ya uso wake kwenye fremu, na shoti ya mwisho mumsogeze mpaka ukingo wa kulia, nafasi yote ibaki nyuma yake. Jaribuni zote mbili kwenye animatiki, mpeni mtu ambaye hajausikia wimbo aangalie, kisha mumuulize kaka yuko wapi.

Nuru_ya_Dirisha
Tumekubaliana animatiki mbili, moja na kaka na moja bila kaka, mhariri wetu kashaweka alama za baa 60 na yeye mwenyewe kasema korasi ya kwanza iwe shoti moja ya baa nane, uso tu. Zikiwa tayari nazileta hapa mzipige msasa.