Nanga inaburuta usiku: ninunue nanga mpya, mnyororo mnene au winchi?

Mkuku74

Wakuu, nina boti ya matanga ya faibaglasi iliyoundwa 1979. Urefu mita 10.5, uzito tani 6.5 ikiwa imepakiwa. Vifaa vya nanga karibu vyote ni vya kale: nanga ya jembe yenye bawaba, kilo 16, mnyororo wa milimita 8, mita 25, kisha kamba ya nailoni ya milimita 14, mita 40, imekakamaa kama ukuni. Winchi haina, tunavuta kwa mikono.

Shida ni hii: upepo ukifika kama kilomita 45 kwa saa, hasa usiku maji yakijaa, nanga inaburuta. Chini ni mchanga, kwingine mchanga wenye majani. Natoa mnyororo mara tano ya kina kama inavyoshauriwa. Mara ya mwisho kipima kina kilisoma 4.2, nikatoa mita 21, na tofauti ya kupwa na kujaa ilikuwa mita 2.

Fedha zinatosha kitu kimoja tu kwa sasa: nanga mpya, au mnyororo wa milimita 10 mita 60, au winchi ya umeme. Nianze na kipi? Na kwa boti ya umri huu, sitaha nikague nini?

amari_ndefu

Mkuu, kabla ya kununua chochote, rudia hesabu yako. Hukutoa mara tano.

Kipima kina cha zamani husoma kuanzia pale kitambuzi kilipofungwa chini ya boti, siyo kuanzia usawa wa maji. Tuseme kitambuzi chako kiko nusu mita chini ya maji: 4.2 inakuwa 4.7. Ongeza urefu kutoka majini hadi kwenye rola ya omo (kigurudumu cha kwenye pua ya boti), maana mnyororo unaanzia pale juu. Boti ya ukubwa wako ni kama mita 1.3. Sasa ni mita 6. Ukitia nanga maji yamekupwa na yatapanda mita 2, hesabu kamili ni mita 8. Gawanya 21 kwa 8, unapata 2.6. Yaani usiku wa manane, maji yakiwa yamejaa, ulikuwa umelala kwenye mara mbili na nusu. Kwa uwiano huo mnyororo unainua mti wa nanga (mpini wake mrefu) badala ya kuulaza, na ncha ya jembe inachomoka yenyewe. Hata nanga bora kuliko zote isingekuvumilia.

Mara tano ya mita 8 ni 40. Upepo ukitarajiwa kuzidi, mara saba, yaani 56. Na kwa kuwa wewe unatumia mnyororo mchanganyiko na kamba, mimi ningeanzia saba, kwa sababu kamba ni nyepesi na hainingʼinii chini kama chuma. Una mita 65 jumla, kwa hiyo mahali pale zingetosha bila kununua chochote. Tia alama kila mita 10 kwa rangi au vipande vya kitambaa, usikadirie kwa macho gizani.

Angalizo moja: ukitoa mita 50, duara la kuzunguka linakuwa kubwa, na jirani mwenye mnyororo mtupu hatazunguka kama wewe. Hakikisha nafasi ipo kabla ya kushusha. Kama haipo, hama, usifupishe.

Namna ya kushusha nayo ina maana. Simamisha boti kabisa, omo ukiukabili upepo, shusha nanga hadi iguse chini, kisha acha upepo ukurudishe nyuma polepole huku ukitoa. Ukimwaga mnyororo wote kwa mkupuo unarundikana juu ya nanga, na mara nyingine unaizungukia ncha. Ukifika mara tatu, shika kidogo ili nanga igeuke na kuanza kuuma. Endelea hadi uwiano kamili, funga, halafu tia rivasi mzunguko wa chini kabisa. Pandisha taratibu hadi kama theluthi mbili ya nguvu ya injini, ushikilie nusu dakika. Wakati huo weka kiganja juu ya mnyororo mbele ya rola. Nanga iliyoshika inatulia, unasikia mvuto tu. Inayoburuta inatetemeka na kugugunagugunia mkononi kama gari kwenye changarawe. Na tazama ubavuni vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mti na paa la nyumba kwa mfano: vikiachana, unarudi nyuma.

Kina_Kirefu

Naunga mkono hesabu hiyo, lakini nanga yenyewe nayo isiachwe. Jembe la bawaba ni ubunifu wa 1933 wa Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor, na kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa. Udhaifu wake unajulikana: likidondoka hulala ubavu, na kwenye mchanga mgumu au majani huchora mfereji mrefu kabla ya kuingia, kama linaingia. Bawaba ikilegea kwa uzee ndiyo balaa zaidi. Shika mti, tikisa kichwa cha jembe. Kikicheza juu na chini badala ya kushoto na kulia tu, pini imelika.

Nanga za kizazi kipya zina ncha nzito na kali, na bapa lililobonyea kama koleo, badala ya kuwa na mgongo kama jembe. Nyingi zina upinde wa bomba juu unaozigeuza zikae sawa. Huuma ndani ya urefu wake mara moja au mbili. Kwa boti yako chukua ya kilo 20 au 25. Kata kwanza kiolezo cha kadibodi kwa vipimo vya mtengenezaji ukijaribishe kwenye rola, kwa sababu upinde ule huwa unagonga mabomba ya mbele au kamba ya tanga la mbele.

Mnyororo wa milimita 10 usinunue. Wa milimita 8 una kama kilo 1.45 kwa mita, wa 10 unafika 2.25. Mita 60 ni kilo 87 dhidi ya 135. Tofauti ya kilo 48 unaipakia kwenye pua ya boti, mahali pabaya kuliko pote: omo unazama, boti inachimba mawimbi. Kilo 4 au 9 za hizo ukiziongeza kwenye nanga zinashika mara nyingi zaidi. Uzito wa mnyororo husaidia upepo ukiwa wa wastani, lakini ukivuma kweli mnyororo wote hunyooka kama waya na kilichobaki ni nanga na uwiano. Kumbuka nguvu inakwenda kwa mraba: upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto unakuwa mara nne.

Wa milimita 8 wa daraja la 30 (kipimo cha nguvu ya chuma) hukatika kwenye takriban tani 3. Kwa tani 6.5 za boti unatosha, ukiwa mzima. Pima pete kwa kalipa pale zinaposuguana: ikibaki 7.2 au chini, umepoteza asilimia 10 ya unene, badilisha. Kama ubovu uko mwisho mmoja tu, geuza mnyororo, mwisho wa ndani uje nje.

Kamba iliyokakamaa tupa. Nailoni inawekwa kwa ajili ya kunyumbuka. Ikishakuwa ukuni kazi yake imekwisha.

Mkuku74

Asanteni. Kitambuzi nimepima, kiko sentimita 55 chini ya maji, na rola iko mita 1.35 juu. Kwa hiyo amari_ndefu umekisia karibu kabisa. Basi winchi inabaki ya mwisho? Mgongo unalalamika.

fundi_sitaha

Inabaki ya mwisho, ndiyo. Winchi inalinda mgongo, haishiki mchanga. Kwenye maji ya mita 5 unanyanyua nanga ya kilo 20 na mnyororo unaoningʼinia kama kilo 9. Kwenye mita 15 ni zaidi ya kilo 40, na hapo ndipo winchi inapostahili fedha zake. Njia ya kusogelea nanga ni injini kwenye gia ya mbele, polepole, usivute boti nzima kwa mikono. Mnyororo ukisimama wima, funga kwenye kliti (kile chuma chenye pembe mbili) na uache boti ing'oe nanga yenyewe kwa kupanda na kushuka kwa mawimbi.

Siku ukifunga ya umeme, watu hukosea kwenye waya. Winchi ya wati 1000 kwa volti 12 inakula ampea 80 hivi. Kutoka betri hadi omo ni mita 10, kwenda na kurudi 20. Kwa waya wa milimita za mraba 16 unapoteza volti 1.75 njiani: mota inavuta kivivu, inachemka, na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) inaanza kugongagonga. Kwa waya wa 50 unapoteza 0.56. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, na swichi ya kujikata ikae karibu na betri, siyo karibu na winchi. Washa injini kila unapovuta. Gurudumu la winchi lazima lilingane na mnyororo: wa milimita 8 kwa kawaida una nafasi ya milimita 24 ndani ya pete, lakini wa 10 upo wa 28 na wa 30, na ukichanganya unaruka. Sababu nyingine ya kubaki na 8.

Sasa sitaha, na hapa ndipo ningeanzia kwa boti ya 1979. Sitaha nyingi za enzi hizo ni faibaglasi juu na chini, katikati mbao laini ya balsa au plaiwudi. Maji yakipenya kwenye tundu la bolti, mbao inaoza bila kuonekana. Gongagonga kuzunguka kliti ya mbele kwa mpini wa plastiki wa bisibisi: sauti kavu ni nzima, sauti ya bubu kama unagonga kitabu ni maji. Ng'oa bolti moja. Ukitoka unga wa kahawia wenye unyevu, jibu umepata.

Kama uozo ni mdogo: panua tundu la bolti ya 10 hadi 18, kwangua mbao mbovu, kausha siku kadhaa, ziba chini, jaza epoksi iliyokorezwa, kisha toboa upya 10. Hivyo bolti inapita kwenye epoksi tupu na maji hayaigusi mbao tena. Chini ya sitaha weka bamba la alumini au faibaglasi ngumu la milimita 8, pana kuliko kliti. Washa ndogo (kile kibati cha duara chini ya nati) peke yake haitoshi: mvuto wa dhoruba unazipitisha kwenye sitaha.

Kina_Kirefu

Nyongeza za viungo. Shakeli ya nanga (pingu ya kuungia nanga na mnyororo) iwe ya chuma kilichopakwa zinki, yenye uzito wa kazi uliopigwa chapa, kubwa kadiri pini yake inavyopita kwenye pete; nenda dukani na kipande cha mnyororo. Funga pini kwa waya, la sivyo inajifungua. Kiungo cha kuzunguka mimi sikiweki: kikivutwa ubavu hupinda mashavu, na mnyororo hujizungusha wenyewe ukipanda. Mwisho wa ndani ufungwe boti kwa kamba ya nailoni ndefu inayofika sitahani, ili siku ya dharura uikate kwa kisu.

amari_ndefu

Na mvuto usiuache kwenye winchi wala kwenye kliti kwa mnyororo mtupu. Chukua nailoni ya nyuzi tatu, milimita 12, mita 10, ishike mnyororo kwa ndoano au fundo, kisha toa mnyororo hadi uningʼinie umelegea na kamba ibebe kila kitu. Mita 2 hazinyumbuki vya kutosha. Pale inapopita kwenye omo ivalishe kitambaa kizito, siyo mpira wa maji: mpira unazuia maji kuipoza, na nailoni inayosuguka usiku kucha huyeyuka kwa ndani.