Tupeane uzoefu: sindano za ndani ya goti lililosagika

Mleta uzi, Kinondoni
Wadau, hapa jijini mtu anaambiwa "kachome sindano ya goti" bila kuambiwa sindano ipi. Tuweke hapa yanayofanyika chumbani: dawa gani, kiasi gani, inashika muda gani na inaharibikia wapi. Habari za jirani aliyepona kwa siku moja tuziache barazani.

Naanza. Zinazotajwa sana ni tatu, na rangi inakusaidia kuzitambua hata ukiwa umelala kitandani. Nyeupe kama tui ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Isiyo na rangi na inayovutika kama ute wa yai ni asidi ya hayaluroniki. Ya manjano, iliyotanguliwa na kutolewa damu mkononi na kuzungushwa kwenye mashine, ni plazima (maji ya damu) yako mwenyewe yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu. Ile diklofenaki ya kuchomwa takoni haimo humu. Hiyo inazunguka mwili mzima, inagusa tumbo na figo, na athari yake inaisha upesi.

Nesi wa mifupa
Mimi nishike hiyo ya tui, maana ndiyo inayotumika zaidi. Kiasi cha kawaida kwa goti la mtu mzima ni triamsinoloni mg 40, au methiliprednisoloni mg 40 hadi 80. Wengi huchanganya na lignokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1, ml 2 hadi 4. Chupa itikiswe kwanza. Dawa hutuama chini, na asiyetikisa anavuta maji na kuiacha dawa chupani. Jambo jingine linalosahaulika: lignokaini za chupa kubwa za kutumia mara nyingi aghalabu zina parabeni, kihifadhi kinachoweza kuikata steroidi ikafanya mabonge kama maziwa yaliyokatika. Bomba lenye mabonge litupwe, lisichomwe.

Mgonjwa alale chali, goti limenyooka au limeinuliwa kidogo kwa taulo iliyoviringishwa. Njia inayopendwa ni kuingia upande wa nje, usawa wa ukingo wa juu wa pia ya goti. Mchomaji anaisukuma pia kutoka ndani ili upenyo ufunguke, anaweka alama, ndipo anapaka povidoni, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi. Povidoni iachwe ikauke yenyewe, kama dakika 2. Kupaka na kuchoma papo hapo ni sawa na kutopaka. Baada ya hapo kidole hakirudi kwenye alama bila glovu safi za upasuaji. Sindano ya kuvutia dawa chupani ibadilishwe. Ya kuchomea huwa ya kijani, geji 21, yenye urefu wa takribani mm 38. Goti likijaa maji mazito inatumika ya pinki, geji 18, maana ya kijani inaziba.

Kabla ya kusukuma, vuta. Maji ya goti lililosagika huwa ya manjano hafifu, na ukiweka karatasi yenye maandishi nyuma ya bomba unasoma. Yakiwa na ukungu au usaha, steroidi haiingii siku hiyo. Maji yapelekwe maabara kutafuta wadudu, chembe nyeupe na fuwele za jongo. Mengi yanaharibikia hapa, kwa sababu mtu ana haraka na foleni ni ndefu.

Halafu sikiliza mkono. Dawa ikiwa ndani ya kiungo, bomba linasukumika bila ubishi. Likigoma, ncha iko kwenye mafuta au kano, isogezwe, isilazimishwe. Steroidi ikivujia chini ya ngozi inaacha doa jeupe na shimo dogo pale nyama ilipopungua, na kwa ngozi zetu doa hilo linaonekana tangu mlangoni. Linaweza kuchukua miezi kurudi.

Shangazi Mbezi
Asanteni sana wataalamu. Mtu akitoka pale hana maumivu kabisa, jioni yanarudi. Ina maana sindano imegoma?

Nesi wa mifupa
Hapana shangazi. Nafuu ya kwanza ni ya ganzi, saa chache tu. Steroidi yenyewe inaanza kushika kati ya siku 2 na 7. Katikati hapo wengine goti huwaka zaidi kwa siku moja hadi tatu. Barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15, na parasetamoli vinatosha. Nafuu ya ganzi ina faida nyingine: maumivu yakikatika palepale, chanzo kipo ndani ya goti. Yasipokatika hata kidogo, labda sindano haikufika, au goti linabebeshwa lawama za nyonga au mgongo.

Ila maumivu yanayozidi kuanzia siku ya tatu, goti la moto, homa au kushindwa kukanyaga ni dharura ya siku hiyohiyo, usiku au mchana. Kiungo kuingia wadudu hutokea kwa nadra sana, lakini gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, linaweza kuliwa ndani ya siku chache. Usipitie duka la dawa kumeza antibayotiki kwanza, zitaficha mdudu kabla maji hayajavutwa.

Mfamasia, Ilala
Naongeza mambo ambayo mgonjwa asipoyasema mwenyewe, hakuna atakayemuuliza.

Kisukari: sukari hupanda kuanzia saa chache baada ya steroidi na inaweza kukaa juu hadi wiki. Pima asubuhi na jioni siku zote hizo. Kama tayari inacheza juu, iteremshwe kwanza.

ARV: wanaotumia dawa za mstari wa pili (wanazohamishiwa za kwanza zikishindwa) zenye ritonaviri wamwambie daktari kabla. Ritonaviri inazuia ini kuivunja triamsinoloni, kwa hiyo mg 40 za goti zinabaki mwilini muda mrefu mno. Uso unavimba, presha inapanda, tezi za juu ya figo zinalala. Wanaotumia dolutegraviri bila ritonaviri hawana tatizo hili. Watu wananyamaza kwa aibu, na matatizo yakija hakuna anayeyahusisha na goti.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: mara nyingi haisimamishwi, ila kipimo cha INR (kasi ya damu kuganda) cha karibuni kionwe.

Idadi: angalau miezi 3 kati ya sindano na sindano kwenye goti lilelile. Na hata hiyo ratiba ya kila miezi 3 isigeuzwe desturi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 uliwachoma watu 140 kila wiki 12 kwa miaka 2, nusu triamsinoloni mg 40, nusu maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana, gegedu la waliopata steroidi lilipungua mm 0.21, la wengine mm 0.10.

Mleta uzi, Kinondoni
Na hiyo ya ute wa yai, inayouzwa kama "grisi ya goti"?

Mfamasia, Ilala
Huchomwa ml 2 kila wiki kwa wiki 3 hadi 5, au ml 6 mara moja, kutegemea aina. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 unasema isitolewe kwa goti lililosagika. Ya plazima nayo ililinganishwa na maji ya chumvi huko Australia, matokeo yakatoka 2021: baada ya mwaka mmoja maumivu ya makundi hayo mawili hayakutofautiana. Kwa maoni yangu, mwenye pesa kidogo asianzie huko. Na bamia, kabla shangazi hajauliza: utelezi wake unaishia tumboni. Ni mboga nzuri, basi.

Fizio, Temeke
Mwongozo huohuo unaihesabu steroidi kuwa nafuu ya wiki 2 hadi 10. Hizo ndizo wiki za kujenga paja; anayezitumia kulala anarudi palepale. Pumzika siku 2, usibebe ndoo wala kupanda ghorofa kwa kurudia. Kisha anza: kaza paja mguu ukiwa umenyooka, hesabu 5, mara 10. Inua mguu ulionyooka sentimita 30, mara 10, mizunguko 3. Simama na kukaa kwenye kiti cha plastiki bila kushika, mara 10. Kiti kikiwa kifupi weka mto. Maumivu ya mazoezi yakipita saa 24, punguza idadi, usiache.

Fimbo ishikwe mkono wa upande wa goti zima. Wengi Kariakoo wanaishika upande mbovu. Ngazi za daladala: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, mbovu kwanza. Kuchuchumaa chooni ndiko kunakobana goti kuliko yote, kiti cha choo cha kubebeka kinasaidia. Anayeswali anaweza kuswali kitini wiki hizo.

Nesi wa mifupa
La mwisho kwangu. Omba waandike kwenye kadi: jina la dawa, mg ngapi, goti la kulia au kushoto, tarehe. Ukihamia hospitali nyingine, iwe Mwananyamala au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, daktari mpya atahesabu kutoka hapo. Na kama upasuaji wa kubadilisha goti umekwishapangwa ndani ya miezi 3 ijayo, sindano ya steroidi isichomwe, maana inaongeza hatari ya goti jipya kuingia wadudu.