Kumbe malaria siku hizi inapimwa KWA MACHO!

Wakuu, natetemeka kuliko mtoto mwenye homa. Yule bwana wa zahanati yetu, mnamjua, mwenye miwani inayoishi kwenye paji la uso, leo kaniambia: "Huyu hana malaria, namwona kwa macho." Kwa macho! Na miwani iko kwenye paji!

Mwanangu ana kilo 10. Usiku kucha kawaka, ungemkaangia yai tumboni, ziwa ananyonya kwa kusuasua. Nimekaa benchi tangu saa 12 alfajiri mpaka nikaota mizizi. Kuingia, hata kumgusa hajamgusa. "Meno hayo, mama." Kaandika dawa ya kikohozi. Kikohozi kipi? Nikamwomba amtoboe kidole, ndipo akatoa hilo la macho. Vijidudu viko ndani ya damu, yeye kaviona wapi?

Nimevuka reli, kituo kingine. Tone moja la damu, dakika 15, mistari miwili: malaria ipo! Dada wa watu kakoroga kidonge cha ALU, dawa mseto ya malaria, kwenye kijiko, cha pili baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku 3 ziishe. KWA MACHO jamani!

Mama Wawili: Huyo huyo! Wangu alimwona kwa macho ANA malaria. Tumemaliza dozi, kumbe sikio linatoa usaha.

Kijiti: Bi dada, neti umefugia vifaranga halafu unalia hapa.

Mleta uzi: Kuku sina! Nazungumzia KWA MACHO!

Sista Zamu: Dada, akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi. Akigoma ziwa kabisa au akipata degedege, kimbia hospitali usiku huo huo. Hapo ni sindano ya artesunate, vidonge havitoshi.

Babu Kandili: Mnadekezwa na dawa mseto. Sisi klorokwini ilikuwa chungu mpaka masikioni, na kujikuna usiku kucha!

Kijiti: Mama alinifichia kwenye ndizi. Nilikula ndizi, kidonge nikatema nyuma ya kabati.

Mama Wawili: Ndizi za enzi hizo, Kijiti. Jana sokoni nimeuziwa kichane, nje njano, ndani gumu kama mwiko.

Babu Kandili: Yule wa kona, mwenye kofia? Kaniuzia na mimi!