Naomba ushauri: tangi la antimaada liharibikeje kwenye hadithi?

Wakuu, habari zenu. Hii ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, chombo cha anga kinaendeshwa kwa antimaada (maada ya kinyume: ikigusana na maada ya kawaida zote huangamia na kutoa nishati, ikiwemo miale ya gama). Msingi si wa kubuni: mwanafizikia Dirac alitoa mlinganyo wake wa elektroni 1928, mwanafizikia mwingine, Anderson, akaiona pozitroni (elektroni ya antimaada) 1932. Gramu moja ya antimaada ikikutana na gramu ya maada ya kawaida hutoa juli trilioni 180, sawa na tani 43,000 hivi za TNT.

Mkwamo uko kwenye tangi. Antiprotoni (protoni za antimaada) zina chaji, hivyo sumaku na umeme huzishika ndani ya ombwe, ila zikirundikana zinasukumana. Antihaidrojeni (atomi nzima ya antiprotoni na pozitroni) haina chaji, lakini sumaku huishika kwa shida: ikifikia nusu kelvini tu (nusu nyuzi) juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, inaponyoka. Mwaka 2011 CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walitangaza kuishikilia sekunde 1,000, tena atomi za kuhesabika, si tangi!

Sasa hitilafu ianzie wapi ili mtu wa fizikia asicheke? Heliamu inayopoza sumaku kwa nyuzi -269 ivuje, sumaku izime ghafla? Au ombwe liingiwe na hewa kidogo kidogo, kipimo cha miale ya gama kianze kupanda saa kadhaa kabla? Binafsi navutiwa na hii ya pili, inawapa mafundi muda wa kubishana. Mnaonaje?